Vazi la Juzuu ya Sita

Wahenga waliposema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, hawakuwa wakiwasema wavivu. Mvivu ana methali zake nyingi, na hazijamsaidia. Hii walimwekea mtu wa namna nyingine: mwenye nia njema, mwenye mikono isiyokaa bure, anayetaka jambo lake liwe zuri kwanza ndipo alitoe. Mtu huyo huahirisha kwa sababu anapenda. Kesho yake ina sababu safi, na kesho kutwa yake ina sababu safi zaidi, mpaka siku anayofika na jambo lake limekamilika, akakuta aliyekuwa akilingojea amekwenda zake. Fundi mmoja wa kujalidi vitabu aliletewa methali hii mpaka mlangoni, na hakuhitaji mwalimu wa kumfafanulia.

Fundi huyo alifanya kazi katika chumba cha nyuma cha kiwanda cha uchapaji, penye meza ndefu, vibano vya chuma na harufu ya karatasi mbichi. Wenzake walimwita Gundi. Vidole vyake vilikuwa na utando wa gundi kavu ambao hata sabuni ya mche ilishindwa kuubandua. Alishona madaftari ya mahakama na tasnifu za wanachuo, na kazi yake ilikuwa haina doa. Vitabu vya kubandikwa kwa mashine alivichukia waziwazi. "Hivi si vitabu, hizi ni karata," alikuwa akisema. "Ukivifungua mara tatu vinaanza kukugawia kurasa."

Alikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka kumi na mitatu, aliyempa jina la Chiriku tangu alipoanza kusema, kwa kuwa tangu siku hiyo hakunyamaza. Baba na binti walikuwa na jambo lao. Mtoto alipofika miaka sita, Gundi alimletea juzuu ya kwanza ya Mlima wa Chumvi, hadithi ndefu ya falme, majitu na vita, ambayo mwandishi wake alikuwa akiitoa juzuu mojamoja, kila moja nene kama tofali. Waliisoma kwa sauti, kwa zamu. Baba alisoma wafalme na majemadari. Binti alisoma Bibi wa Darajani, ajuza anayelinda daraja la pekee la kuingilia mlimani, asiyemruhusu mtu kuvuka mpaka amlipe neno moja la kweli ambalo hajapata kumwambia mtu. Chiriku alimsoma bibi huyo kwa sauti ya kukwaruza, mpaka jirani mmoja akauliza ni lini nyumba ile ilipata mgeni mzee.

Masharti ya kusoma yalikuwa mawili. La kwanza, hakuna kumtangulia mwenzako wala kumsimulia. La pili lilikuwa la Gundi peke yake: kitabu hakisomwi uchi. Kila juzuu iliyonunuliwa ilivuliwa kwanza jalada lake la karatasi, ikakwanguliwa gundi ya mashine, ikashonwa upya kwa uzi wa katani, kisha ikavishwa kadibodi ngumu na kitambaa cha kijani kutoka jora moja, na kuandikwa mgongoni kwa herufi za dhahabu. Juzuu tano zilisimama kwenye rafu sebuleni kwake, sare kama wanafunzi mstarini, na mgeni yeyote aliyeingia alioneshwa rafu kabla ya kuoneshwa kiti.

Juzuu za mwanzo hazikuchelewa kuvishwa, kwa sababu siku zile Gundi alikuwa na mke wa kumwambia, "Basi, inatosha, msomee mtoto." Chiriku alipofika miaka minane, mke huyo aliondoka. Hapakuwa na ugomvi wa kuita majirani. Alichoka tu kuishi na mtu ambaye kila kitu chake kilikuwa kinangoja kukauka. Baadaye aliolewa na fundi bomba, mtu mpana, mcheshi, anayecheka mpaka tumbo linatikisika. Chiriku akawa anakaa kwa mama yake na kuja kwa baba yake kila Jumamosi.

Juzuu ya tano waliimaliza akiwa na miaka kumi. Iliishia pabaya: maadui wamelitia moto daraja kutoka pande zote mbili, na Bibi wa Darajani amesimama katikati akiwa ameshika fimbo yake. Ukurasa uliofuata ulikuwa mweupe. Mwandishi akanyamaza miaka mitatu mizima. Kwa miaka hiyo mitatu baba na binti walibishana kila Jumamosi kama bibi yule amepona au amekufa. Chiriku alisema ameruka mtoni. Gundi alisema bibi wa umri ule haruki popote. Walicheka, wakala, na Jumamosi ikaisha vizuri.

Kisha juzuu ya sita ikatoka. Gundi aliinunua siku ya kwanza, akaja nayo kazini kifuani kama mtu aliyebeba mayai. Na wiki ile ile mama Chiriku alikuja kiwandani, akasimama kwenye kizingiti cha chumba cha nyuma asije akajipaka gundi.

"Baba Chiriku, mwenzangu amepata kazi ya kudumu kwenye mradi wa maji," alisema. "Ni mbali. Muhula ukiisha tunahama. Zimebaki wiki kumi na mbili."

Sindano ya Gundi ilisimama. "Na mtoto?"

"Mtoto amekua. Tumemwambia achague mwenyewe, aje nasi au abaki kwako amalizie shule hapa. Mimi simvuti, na wewe usimvute. Lakini kama unamtaka, mwambie."

"Anajua kwamba namtaka."

"Anajuaje?"

Gundi aliliona swali lile halina maana, akainamia uzi wake. Mama Chiriku alingoja kidogo, kama alivyowahi kungoja miaka mingi, kisha akaaga.

Lakini usidhani maneno yale hayakumwingia. Alimtaka binti yake kufa na kupona, ila ulimi wake ulikuwa mzito kwa mambo ya namna hiyo. Hakuwahi kuomba kitu kwa mtu maishani mwake, na hakujua mahali pa kuanzia. Akasema moyoni kwamba kitabu kitamsemea. Ataivisha juzuu ya sita vazi ambalo hakuna juzuu iliyowahi kuvishwa, mgongoni aandike jina la Chiriku chini ya jina la hadithi, kwa dhahabu. Mtoto akishakishika kitabu kile mkononi atajua pa kukaa. Jioni ile ile akalivua jalada la karatasi, akakipasua kitabu kurasa mia tisa, akazipanga mezani sebuleni kwake chini ya mawe mawili safi.

Jumamosi Chiriku aliingia mbio, akaacha viatu vyake katikati ya mlango.

"Kimefika! Baba, niambie kimefika."

"Kimefika."

"Basi tuanze! Mimi sijalala wiki nzima. Bibi wangu yuko wapi?"

Gundi akamwonesha rundo mezani. Uso wa mtoto ulishuka, kisha ukajikaza.

"Siku ngapi?"

"Jumamosi ijayo, Mungu akipenda."

Jumamosi iliyofuata alikuwa ameshona theluthi moja. Gundi ya mashine ilikuwa imeingia ndani kuliko alivyotarajia, na kila ukurasa ulihitaji kusafishwa ukingo. Jumamosi ya tatu alikuwa ameshona, akafumua, kwa sababu uzi ulikaza kushoto kuliko kulia. Chiriku alikaa kwenye kiti chake, miguu juu, akimtazama.

"Tusome hivihivi, baba. Mimi nitashika kurasa, wewe utazipokea. Hatutachanganya."

"Kitabu hakisomwi uchi, mama."

"Nani atakiona?"

"Mimi nitakiona."

Chiriku alicheka, maana bado alikuwa wa kucheka. Siku hizo ndipo alipoanza kuleta habari za fundi bomba. Alisema fundi bomba amenunua juzuu ya kwanza kwa muuza vitabu vikuukuu wa kando ya barabara, anaisoma saa ya chakula cha jioni, kidole kikifuata mstari. "Anataka kujua ninaongea nini nyumbani kila siku," Chiriku alieleza. "Malkia wa hadithini yeye anamwita "yule mama wa mawe"! Na yale majitu mawili ameyachanganya, akamlilia asiyekufa. Nilicheka mpaka mbavu zikauma."

"Mwambie asikipake mafuta ya mabomba," Gundi alijibu. Alidhani amefanya mzaha. Hakuona kwamba mtu mzima anayesoma kwa kidole, baada ya kushinda ndani ya mitaro, alikuwa anatembea kwa miguu njia ndefu ya kumfikia Chiriku.

Wiki ya tano kurasa zote, ila mmoja uliong'oka ukingo, zilikuwa zimeshonwa, zimebanwa, na mgongo umepigwa gundi safi. Kilichobaki ni vazi. Hapo ndipo lilipotokea jambo la kitambaa. Jora la kijani lilikuwa limekwisha. Muuza vitambaa alikuwa na kijani kingine, kizuri, kilichopishana na kile cha zamani kidogo tu, kama chai ya kikombe cha kwanza na ya kikombe cha pili. Gundi alikipeleka dirishani, akakipeleka uani, akakirudisha dukani.

Kazini, mwanamke aliyeendesha mashine ya kukatia karatasi, ambaye wote walimwita Mama Kisu kwa mashine yake na kwa mdomo wake, alimsikia akilalamika, akaizima mashine.

"Gundi, hebu nikuulize. Huyo mtoto haoni vizuri?"

"Anaona."

"Basi anakuona wewe. Wala haoni kitambaa. Angalia tarehe, mwenzangu. Wiki saba zimebaki na wewe unapima rangi."

"Kijani kile kingeharibu safu nzima."

"Safu itakupikia chai uzeeni?" Mama Kisu aliiwasha mashine yake tena. "Haya. Sikio la kufa halisikii dawa."

Gundi alijitia hamnazo. Aliagiza kitambaa kutoka kwa mwenye jora la asili, akaambiwa wiki tatu, labda nne. Alikubali. Hata moyo wake ulitulia, kwa sababu mtu wa aina yake hapumziki vizuri kama anapokuwa na sababu isiyo yake.

Jumamosi ya sita ndiyo iliyoharibu. Gundi alikuwa jikoni akiosha brashi. Chiriku alikuwa amekula andazi sebuleni, akachoka kutazama rafu. Chini ya jiwe palikuwa na ukurasa mmoja uliojitenga. Ulikuwa umeng'oka ukingo, na Gundi alikuwa anautia kiraka kabla ya kuurudisha mahali pake. Mtoto akauchukua. Gundi aliporudi alimkuta dirishani, midomo ikicheza, na uso wake umewaka namna ambavyo hakuwa amemwona tangu muhula uanze.

"Baba! Ni darajani! Kuna mtu anasema aliona—"

"Leta hapa."

"Nimesoma nusu tu, baba, sikiliza—"

Aliunyakua. Hakumpiga, wala hakupaza sauti. Aliunyakua tu ukurasa ule mkononi mwake, kwa upesi, kama unavyomnyang'anya mtoto wa mtu mwingine kitu chako. Akauinua kwenye mwanga. Pembeni palikuwa na alama ya kidole gumba, ya mafuta, imekaa wazi na mistari yake yote.

"Ona. Ona ulichofanya. Mikono ya mafuta kwenye karatasi isiyo na jalada! Mara ngapi nimesema?"

Chiriku aliutazama mkono wake mtupu. "Nilitaka kukusomea," alisema.

"Utanisomea kikishakuwa kitabu."

Alikaa kimya mpaka saa ya kuondoka, yeye aliyekuwa hanyamazi hata akiwa na homa. Mlangoni akivaa viatu aliuliza, bila kuinua uso, "Baba, nikibaki huku, Jumamosi tutakuwa tunafanya nini?"

"Tutasoma."

"Na siku nyingine?"

"Tutasoma pia. Kutakuwa na nafasi kubwa."

Mtoto aliendelea kusimama, ameshika kitasa. Mtu asiyekuwa Gundi angeona kwamba analipishwa ada ya daraja: neno moja la kweli ambalo hajapata kumwambia mtu. Baki nami. Silali vizuri ukiondoka. Gharama yake ilikuwa hiyo tu. Gundi aliangalia mlango ulivyoachwa wazi, akasema, "Funga vizuri, vumbi linaingia kwenye gundi."

Alipoondoka, Gundi alichukua chaki, akaisaga, akaimwaga juu ya alama ya kidole, akaibana kwa siku mbili. Unga wa chaki ulifyonza mafuta yote. Alipoupangusa, ukurasa ulikuwa mweupe kana kwamba haukuguswa na binadamu. Aliisifia mikono yake kwa ushindi ule, akaurudisha ukurasa mahali pake.

Kitambaa kilifika wiki ya tisa, kijani chenyewe. Wiki ya kumi Chiriku hakuja. Alituma ujumbe kwamba ana mitihani. Wiki ya kumi na moja hakuja pia. Na hapa nitasema jambo la aibu: Gundi alifurahi. Alipata Jumamosi mbili nzima za kukunja pembe za kitambaa na kuchapa herufi za dhahabu bila mtu wa kumwuliza kama kimekauka. Mama Chiriku alimpigia simu mara tatu siku ya Alhamisi, na mara zote tatu mikono yake ilikuwa na gundi. Baadaye alikuta ujumbe: "Jumamosi asubuhi ndiyo tunaondoka. Njoo mapema. Mtoto ana neno nawe." Alilisoma neno lile akatabasamu peke yake. Siku ile ile alihamisha maboksi ya karatasi kutoka chumba kidogo, akafagia, akapigilia misumari miwili ya kutundikia nguo, akapima kwa hatua mahali kitakapokaa kitanda cha mtoto.

Ijumaa kitabu kilikamilika. Sijawahi kusikia mtu aliyekiona akisema kilikuwa na kasoro. Mgongo ulikuwa wa mviringo, kurasa zimekaa sawasawa kama zimekatwa kwa upanga, na jina la Chiriku liling'aa chini ya jina la mlima. Jumamosi asubuhi alikitoa kwenye kibano, akakifunga kwa karatasi nyeupe, akavaa shati lake la kwenda kwa watu, akatoka. Njiani alimwahi mwenye mkokoteni, akapatana naye amfuate kwa ajili ya kitanda.

Lori lilikuwa limesimama mbele ya nyumba, limejaa nusu. Gundi aliona kabati, aliona meza, aliona ndoo za jikoni zimefungwa kwa kamba. Kisha akaona kitanda cha Chiriku. Kilikuwa ndani kabisa, nyuma ya kabati, mahali panapopakiwa kwanza. Miguu yake minne ilikuwa imefungwa kwa vitambaa isikwaruzike.

Alisimama pale barabarani, na mwenye mkokoteni akasimama nyuma yake. "Ndicho chenyewe, mzee?" mwenye mkokoteni aliuliza. Gundi alimwacha hapo. Akaingia ndani ya ua.

Kwenye ngazi ya mlango wa jikoni walikuwa wamekaa wawili, migongo yao nusu imeelekea kwake. Fundi bomba alikuwa na kitabu magotini, na Chiriku amemwegemea begani. Kilikuwa juzuu ya sita, ile ile ya dukani, ya jalada la karatasi, aliyoirukia bila kuzimaliza za kati. Jalada limepinda, lina duara la kikombe cha chai, na mgongo umekwisha kuachia. Fundi bomba alikuwa amekifunga kwa ukanda wa mpira, ule wa kuzibia mabomba yanayovuja, na kurasa zilizokwisha kusomwa zilikuwa zimelala kando yake chini ya spana. Walikuwa wamebakiwa na kurasa tatu. Yeye alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari, akikwama na kujikwamua. Kisha ikaja zamu ya bibi, na Gundi akaisikia sauti ya kukwaruza ambayo hakuisikia kwa miaka mitatu. Ilikuwa imekomaa sasa. Ilisema maneno machache, ikakatika kwa kilio.

"Pole," fundi bomba alisema, naye akijifuta macho kwa mkono wa shati. "Pole, mwanangu. Hata mimi imeniuma."

"Geuza, baba," Chiriku alisema. "Usiache hapo. Geuza."

Neno lile lilitoka bila kufikiriwa, kama mtu anavyosema "maji" akiwa na kiu. Zamani alikuwa akimwita Fundi. Gundi hakujua ilibadilika lini. Huenda ilikuwa kati ya Jumamosi zile mbili alizofurahia.

Fundi bomba ndiye aliyemwona kwanza. Alinyanyuka kwa haraka mpaka spana ikaanguka. "Kaka! Karibu, karibu sana. Tulikuwa tunamalizia kabla gari halijaondoka." Aliona kifurushi cheupe, akaelewa, na aibu ikamjaa mtu yule asiye na kosa. "Ngoja niangalie kamba za lori," alisema, akaondoka.

Baba na binti wakabaki. Gundi alinyosha mikono, akatoa kifurushi. Chiriku akajifuta vidole vyake kwenye gauni, kimoja kimoja, kwa uangalifu, ndipo akakipokea. Kitendo hicho kilimchoma Gundi kuliko kitanda. Mtoto alifungua karatasi, akapitisha kiganja juu ya kijani, akalisoma jina lake.

"Kizuri sana, baba. Asante." Alisema kwa adabu, kama anavyosema mgeni aliyekaribishwa chakula akiwa ameshiba.

"Kimeshonwa kwa katani. Hakitaachia hata miaka hamsini."

"Naona."

"Chumba nimekifagia. Misumari ya nguo nimeweka miwili, lakini naweza kuongeza."

Machozi yalimlenga mtoto tena. "Nilitaka kukuambia mwenyewe. Mama alipiga simu, hukupokea. Nimechagua kwenda nao, baba. Likizo nitakuja."

Hapo ndipo ulimi wa Gundi ulipotaka kufunguka, lakini ulikuwa umekaa bila kazi muda mrefu mno. Alitafuta neno lile, akaliona liko mbali, ng'ambo ya pili. Akashika lililokuwa karibu.

"Bibi wa Darajani," alisema. "Alipona?"

Chiriku alimtazama. Hakukuwa na kisasi machoni mwake, na afadhali kingekuwapo.

"Tulikubaliana hakuna kusimuliana," alijibu polepole. "Utasoma mwenyewe."

Kisha akakifunga kitabu kwenye karatasi yake, akamrudishia.

"Hiki ni chako, Chiriku. Jina lako hili hapa."

"Kikae na wenzake kwenye rafu, baba. Ukikitoa utaharibu safu. Mimi nina kile."

Aliinama, akaziokota kurasa zilizotawanyika kwenye ngazi, akazipanga na nyingine, akazungushia ukanda wa mpira. Mama yake aliita. Chiriku alimkumbatia baba yake kwa mkono mmoja, kwa kuwa mwingine ulikuwa umeshika kitabu kisichokuwa na jalada. Fundi bomba alimpandisha mbele, kati yake na mama yake, na lori likaondoka. Mwenye mkokoteni alidai ujira wake wa kuitwa bure, akalipwa.

Gundi alirudi nyumbani, akaiweka juzuu ya sita rafuni. Ilikaa barabara. Kijani kilikuwa kile kile, urefu ule ule, na mtu asingeweza kusema ipi ilitangulia. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akaishusha, akaketi kwenye kiti chake, akaanza kusoma kwa sauti. Alisoma wafalme, akasoma majemadari. Alipofika mahali Bibi wa Darajani anapotajwa kwa mara ya kwanza na kufungua kinywa, akanyamaza, akangoja zamu ya mwenzake. Alingoja hivyo kwa kitambo, akikitazama kiti cha pili.

Hapo akakumbuka ukurasa ule. Alipekua upesi, yeye aliyekuwa akigeuza kurasa kama anafunua mtoto aliyelala, mpaka akaupata. Aliuinua dirishani, akaugeuza huku na huku, akautafuta ukingoni ule mduara mdogo wa mafuta wenye mistari yake, kitu pekee cha Chiriku kilichowahi kuingia katika kitabu kile. Ukurasa ulikuwa mweupe, safi, hauna doa. Aliusafisha mwenyewe, kwa mikono yake, na alijua kazi yake. Aliutazama ukurasa ule mpaka chai yake ikapoa, na nyumba nzima hapakuwa na wa kumwuliza kama kimekauka. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.